Dongo Kundu: mashamba yanakwenda, viwanda vinakuja. Mwenyeji abaki na nini?

Mjukuu wa Mwangala

Assalam aleikum na habari zenu nyote. Nataka tulizungumze hili bila matusi, maana likitajwa kwenye magrupu watu hutoka wamenuniana.

Nyote mwalijua hili eneo maalum la kiuchumi la Dongo Kundu, ekari 3,000 upande wetu wa Likoni. Barabara ishapita, Miritini mpaka Kibundani bila kugusa feri. Wajapani wameweka mkono wao. Mtambo wa gesi wa Taifa Gas rais aliuwekea jiwe la msingi Februari 2023. Kwenye makaratasi ardhi ni ya Mamlaka ya Bandari. Sisi tuliozaliwa pale, tukalima mihogo, kunde, mikorosho na minazi, jina letu ni maskwota. Tunavyoelezwa barazani, mtu atalipwa nyumba yake na miti yake. Ardhi, hapana.

Siulizi kama viwanda vije au visije, vishakuja. Nauliza hivi: kijiji kikigeuka mji wa viwanda, yule aliyekuwa akilima pale anabaki na nini mkononi baada ya miaka kumi? Mliopitia haya Changamwe, Jomvu, Miritini, Bamburi, tuelezeni. Karibuni.

Kontena Arobaini

Anabaki na kazi, nashangaa bado tunauliza. Mombasa inaishi kwa bandari, haiishi kwa mihogo. Mwekezaji wa eneo maalum anatozwa kodi ya faida asilimia 10 miaka kumi ya kwanza, asilimia 15 kumi inayofuata, sheria ya 2015 hiyo. Kapunguziwa ili aje aajiri watoto wetu wasiende Saudia kufua nguo za watu.

Halafu tuambiane ukweli, hicho kilimo chenyewe ni kilimo gani? Mihogo ya futari na minazi. Mnazi unajiotea. Mtu analala chini yake mpaka nazi ianguke, anaokota, anaita mavuno. Mkulima ni wa Molo anayeamka saa kumi alfajiri.

Mkwezi wa Ng'ombeni

Kontena, mengine yote ningekuachia, lakini hilo la mnazi kujiotea umenitia kichefuchefu.

Mnazi wetu mrefu wakaa miaka sita, saba, kabla hujaona karara la kwanza. Muda wote huo wapalilia, wafukuza mbuzi wa jirani, wapigana na chonga. Chonga wamjua wewe? Yule mbawakawa mweusi mwenye pembe. Huingia kileleni usiku akatafuna moyo wa mti, na kuti likija kukunjuka siku za mbele lina mapengo kama limepitiwa na mkasi. Marehemu babangu alikuwa na waya wenye ndoano, akipanda kumchokonoa mmoja mmoja, kisha atia mchanga na chumvi kwenye makwapa ya makuti asirudi. Mti mmoja asubuhi nzima.

Na kuangua ni kila miezi miwili mitatu, mkwezi alipwa kwa mti, uzae usizae. Anayengoja nazi ianguke huyo hajui biashara. Dafu haliangukagi, bwana. Dafu hufuatwa juu.

Kwa hivyo ukiona ekari ya minazi iliyosimama, hapo pana mtu aliyefanya kazi kabla wewe hujazaliwa.

Shangazi wa Mtongwe

Mwambie huyo! Na makuti je? Hoteli za Diani na Nyali zimeezekwa kwa nini, plastiki? Mama zetu wamesuka makuti mpaka vidole vimepinda. Kumbi zimezikwa kwenye tope la pwani miezi, zikatolewa, zikapondwa, zikawa usumba, zikawa kamba. Wewe waona nazi tu kwa sababu waijua kwenye sufuria.

Na hiyo mihogo ya futari unayoibeza, Ramadhani ikifika ni wewe wa kwanza kuuliza "mhogo wa nazi upo?"

Kontena Arobaini

Shangazi, mhogo wa nazi naula na naomba tena. Nilichosema ni kwamba si uchumi wa kusomesha mtoto chuo.

Shangazi wa Mtongwe

Mimi nimesomesha wanne. Kwa makuti.

Mgema Hasifiwi

Mkwezi kaandika vizuri mpaka naogopa kumsifu. Lakini mbona mwataja dafu, makuti, usumba, na kile chenyewe mwakiruka? Minazi mingi kule kwetu yagemwa. Mjomba wangu apanda asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, na ndio pesa pekee ya kila siku inayoingia nyumba ile. Akaja mtathmini, kaangalia juu hakuona nazi, kaandika mnazi usiozaa. Hauzai vipi na huo mbuu wa kugemea umejaa?

Ustadh wa Shikaadabu

Ndugu, mengine tusitiriane. Mjadala ni wa fidia za watu, usituletee habari za tembo la mnazi.

Mgema Hasifiwi

Ustadh, na tembo si fidia za watu? Au mti ukigemwa unakuwa si mti?

Ustadh wa Shikaadabu

Mti ni mti. Kinachotoka ndani yake ndicho nisichotaka kihesabiwe nami nimo.

Mgema Hasifiwi

Basi usihesabu, mwache mtathmini ahesabu. Sikukuomba uonje.

Mshonaji wa Laini ya Tatu

Naomba niseme kitu, mimi niko ndani ya kiwanda sasa hivi, cha nguo, upande wa Changamwe. Tunashona suruali za kwenda Marekani. Kuna tageti ya kila saa, imeandikwa kwenye ubao juu ya laini, na supavaiza anapita na chaki. Usipofika unabaki. Kontrakti ni fupi, ikiisha unangoja kuitwa. AGOA, ule mpango wa nguo zetu kuingia Marekani bila ushuru, wakiivutania huko Washington sisi huku tunaambiwa tupumzike nyumbani bila malipo.

Mama yangu alilima huko Mteza. Sitamdharau. Lakini alikuwa akingoja mvua, akingoja dalali wa korosho, akingoja mume. Mimi mwisho wa mwezi naingiziwa kwa simu na hakuna mtu ananiuliza nimezipeleka wapi. Mnaosema turudi shambani mseme pia ni nani aliyekuwa akilima. Nyinyi mlikuwa mkila tu.

Mwalimu wa Changamwe

Nijibu swali la mwenye mada kabla halijazama kwenye tembo.

Babangu alifanya kazi kiwanda cha kusafisha mafuta, Changamwe. Kile kilianza 1963 na kikaacha kusafisha 2013. Mshahara wake ndio uliotusomesha sote, kwa hivyo hamtanisikia nikisema viwanda ni balaa. Tulikuwa na nyumba ya kampuni, tukawa na matibabu, mama akawa na cherehani.

Lakini babangu hakuwa mtu wa Changamwe. Alitoka Rabai akiwa na cheti mkononi. Wenye mashamba pale ni Wachangamwe, taifa kamili, wamo kwenye Thelatha Taifa, yale mataifa matatu ya Waswahili wa Mombasa, pamoja na Wakilindini na Watangana. Watoto wao niliosoma nao, baba zao walikuwa wakisimama getini alfajiri wakitafuta kibarua cha siku. Shamba lilikwenda, na kazi ikaja ikapewa mwenye cheti. Cheti kilikuwa kwa mtu mwingine.

Na la pili, ambalo wengi hawalitaji: kiwanda nacho hufa. Kile kilipozimwa 2013 shamba halikurudi. Yamebaki matangi.

Kwa hivyo Mjukuu, swali la kuuliza huko barazani ni hili: kazi ni za cheti gani, na chuo cha kukitoa kiko wapi na kilianza lini? Ukisikia kiwanda kinafunguliwa kabla ya chuo, jua wanaokuja kuajiriwa wako njiani kutoka kwingine.

Mvita Asili

Asante Mwalimu kwa kukiri kwa mkono wako. Babako katoka bara huko Rabai, kaja kala kazi ya Mchangamwe, nawe leo wafundisha Mchangamwe namna ya kutafuta kazi. Ndio Mombasa hiyo.

Mrabai na Fahari

Rabai ni bara tangu lini? Ukisimama Mazeras waiona bahari. Na kama ni uenyeji, kaya za Mijikenda zimo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008, Kaya Rabai ikiwemo. Wewe wako umesajiliwa wapi?

Mvita Asili

Fort Jesus, 2011. Umesikia?

Mrabai na Fahari

Fort Jesus alijenga Mreno. Ni babu yako yule?

Mvita Asili

Mreno alijenga, sisi tukamtoa. Nyinyi mlikuwa msituni mkiangalia.

Shangazi wa Mtongwe

Aliyemtoa Mreno ni Mwomani, mwanangu, tena baada ya kumzingira karibu miaka mitatu. Nanyi nyote wawili kunyweni maji.

Mrabai na Fahari

Shangazi mimi sikuanza. Lakini mtu akiniita wa bara Mombasa hii, sinyamazi. Nazi mnazokula mji mzima zatoka wapi? Zaota Makadara?

Wakili wa Barazani

Mnagombana juu ya nani alitangulia, na hati hamna wote wawili. Nieleze kwa ufupi ilikuwaje, maana hapa ndipo penye mzizi.

Mwaka 1908 Mwingereza alileta sheria ya hati za ardhi kwa ule ukanda wa pwani wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar. Mwenye kudai shamba aende asajili, aonyeshe ushahidi. Waliokuwa na karatasi, na waliojua ofisi iko wapi, wakasajili. Kisichodaiwa kikawa cha Serikali. Wengi wa waliokuwa wakilima kwa mila, na hasa Wamijikenda, hawakutokea kwenye daftari lile. Wajukuu wao leo ndio maskwota. Si kwamba walivamia, hawakuandikwa.

Ndiyo maana mila yetu ya kuitenga miti na ardhi imedumu. Pwani mtu aweza kuwa na minazi yake juu ya ardhi ya mwingine, akairithisha, akaiuza, na ardhi isiguswe. Sasa nyinyi mwabishana kama mnazi ni kilimo. Kwa skwota wa Dongo Kundu mnazi ndio karatasi pekee aliyonayo. Umri wake unaonyesha aliupanda nani na lini.

Katiba ya 2010, kifungu cha 40(4), inasema yaweza kuwekwa utaratibu wa kuwalipa waliokaa kwa nia njema hata kama hawana hati. Angalieni hilo neno "yaweza". Hailazimishi. Mwenye hati analindwa na 40(3), alipwe upesi na kwa ukamilifu. Skwota anaachiwa "yaweza".

Na ulinganishe na shamba la Waitiki, hapo hapo Likoni. Ekari 930. Serikali ililinunua kutoka kwa mwenye hati kwa shilingi bilioni 1.1 na mwaka 2016 maskwota wakaanza kupewa hati zao. Dongo Kundu ni kinyume, maana mwenye hati ni shirika la Serikali lenyewe. Basi swali: kwa nini palipokuwa na mtu binafsi skwota akabaki na ardhi, na palipo na Serikali skwota anabaki na pesa za miti?

Kontena Arobaini

Wakili, Waitiki usituambie kwamba watu walipewa. Walitakiwa kulipa, zaidi ya laki moja na nusu kwa kila mmoja. Mtu amejenga, amezika hapo, anaambiwa anunue. Mimi nina shemeji pale, nasema ninachokijua.

Wakili wa Barazani

Sikusema bure. Nimesema walipata hati. Soma tena.

Kontena Arobaini

Umesema "kupewa". Kiswahili najua.

Wakili wa Barazani

Basi jibu lile swali la mwisho.

Kontena Arobaini

Nitajibu nikitoka kazini.

Binti wa Jomvu

Mwendelee tu na Rabai na Mvita, moshi hauulizi kabila.

Mimi nimekulia Mikindani, ukivuka kidogo ndio Owino Uhuru. Hapo palifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri za gari 2007, ukuta wake na nyumba za watu vimegusana. Kikiwa kazini mate yanakuwa machungu. Ukianika nguo nyeupe unaanua za rangi nyingine. Mabati mapya yakatoboka upesi, kuku wakafa, na hapo bado watu wanaambiwa ni mafua. Mpaka watoto wakapimwa damu ikakutwa na madini ya risasi.

Aliyelipigia kelele ni Phyllis Omido, alikuwa ameajiriwa humo humo ofisini, na mtoto wake mwenyewe akadhurika. Alikamatwa, akafikishwa kortini, akaendelea. 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Kiwanda kilikuwa kishafungwa, 2014. Mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi bilioni 1.3 mwaka 2020. Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabuni wenyewe kutoka 2007, na kuna walioondoka duniani katikati ya hizo tarehe.

Mjukuu, wewe umeuliza mtu abaki na nini mkononi. Wengine kilibaki kwenye mifupa. Huko barazani kwenu ulizeni ripoti ya mazingira ya kila kiwanda, si ya eneo zima kwa pamoja. Kila kimoja. Na ulizeni nyumba ya kwanza iko umbali gani kutoka ukutani.

Kontena Arobaini

Binti pole, na hilo halina mtetezi. Lakini usichukue kiwanda kimoja kibovu ukaambia watu viwanda vyote ni sumu. Bamburi je? Saruji wanatoa tangu miaka ya hamsini. Machimbo yalikuwa jangwa tupu la matumbawe, mtaalamu wao Haller akaanza kupanda mivinje 1971, leo kuna msitu, viboko, twiga, watoto wa shule wanaletwa kutoka Nairobi.

Mkwezi wa Ng'ombeni

Na kuingia ni bure?

Kontena Arobaini

Kuna kiingilio kama popote.

Mkwezi wa Ng'ombeni

Ndio. Zamani ukipita.

Binti wa Jomvu

"Kiwanda kimoja kibovu." Ungekuwa na mtoto pale usingeandika "kimoja".

Kontena Arobaini

Usiingize watoto wangu. Nimesema pole, nikasema halina mtetezi. Ulitaka nilie?

Dereva wa Mariakani

Kontena we, mbona mkali? Na si wewe nilikuona 2019 kwenye yale maandamano ya Jumatatu, umeshika bango, reli imetumaliza?

Maana kwa wasiokumbuka: reli mpya ya SGR ilifika Miritini 2017, tukapiga vigelegele. Kisha ikatoka amri makontena yapandishwe treni yakafunguliwe Embakasi, Nairobi. Basi. Yadi za makontena Jomvu na Miritini zikakaa tupu. Mafundi magurudumu, mama wa chapati, gesti, vijana wa kufunga turubai, wote chini. Hapa Mariakani tulikuwa tukilala foleni ya malori, ikawa mtu acheza mpira barabarani. Mwaka 2022 Ruto alipoapishwa tu akasema huduma zirudishwe bandarini. Zilirudi, watu hawakurudi wote.

Walioacha mashamba Miritini kwa ajili ya yadi zile walihesabiwa na nani?

Kontena Arobaini

Ulinionea wapi, umelala kwenye kabini? Ndio niliandamana, na ningeandamana tena leo. Niliandamana kwa sababu kazi iliondolewa Mombasa ikapelekwa kwingine. Huoni kwamba hiyo ni hoja yangu mimi? Sisi tulishika mabango kudai kontena, hatukuwa na bango la muhogo hata moja. Watu wenu wa shamba mbona hawakusimama upande wa pili waseme asante reli, tuachieni tulime?

Na Dongo Kundu ndiyo dawa ya hilo. Mzigo ukitengenezwa hapa hapa, ukafungwa hapa hapa, hakuna waziri atakayeupandisha treni kwenda kufunguliwa Embakasi.

Dereva wa Mariakani

Hapo umesema kitu. Ungeanza na hicho badala ya kuanza na mnazi unaojiotea.

Kontena Arobaini

Mnazi niliusema kwa utani, nyinyi mkaufanya kesi ya mauaji.

Mkwezi wa Ng'ombeni

Utani gani wa "analala chini yake"? Wallahi siku nikikupata Kibundani utapanda mmoja mwenyewe, tuone utafika wapi na hicho kitambi cha kabini.

Kontena Arobaini

Mimi si dereva, Dereva ni yule. Mimi ni karani. Kitambi ni cha ofisi.

Shangazi wa Mtongwe

😂😂 Hapo kasema kweli.

Mshonaji wa Laini ya Tatu

Kwa hivyo nilichoandika mimi hakuna aliyesoma.

Ustadh wa Shikaadabu

Tumesoma binti yangu. Allah akufanyie wepesi. Lakini hilo la mama kungoja mume, si kila mume.

Mshonaji wa Laini ya Tatu

Hilo ndilo ulilosoma?

Mvuvi wa Mkupe

Wa bahari nasi tupo, au fidia ni ya nchi kavu tu? Mti una alama ya rangi, una namba, utahesabiwa. Mimi dema langu naliweka kwenye mlango wa mikoko, na mlango ule ukifukiwa au ukichimbwa ipite meli, nitaonyesha namba gani? Lamu walishinda kesi ya bandari 2018, mahakama ikawapa wavuvi bilioni 1.76. Waulizeni walikaa muda gani baada ya ile hukumu kabla ya kuona shilingi.

Na maji ya ghuba ya Port Reitz ni mamoja. Kinachomwagwa Dongo Kundu kwetu kinafika kabla ya magharibi.

Mjukuu wa Mwangala

Nimekaa kimya nawasoma. Mwalimu, Binti, Wakili, Mvuvi, nimeandika yenu kwenye daftari. Wakili, niulize la haraka. Kwetu washapita na kopo la rangi, kila mti una alama. Kuna fomu ya kutia sahihi. Kuna wazee wametia, na wengine walipewa fomu ina jina na namba ya kitambulisho tu, chini hakujaandikwa kitu, wakaambiwa "tutajaza ofisini". Mimi nimekataa. Nimekosea?

Wakili wa Barazani

Hujakosea. Fomu tupu haitiwi sahihi hata ikiletwa na ndugu yako. Taka kila mti uandikwe aina yake na umri wake, hapo hapo shambani, wewe ukiona. Mche wa mwaka mmoja nao ni mali, usikubali urukwe. Mnazi wa kugema uandikwe kwamba unagemwa, msimwonee haya Ustadh. Piga picha kila mti pamoja na namba yake na mtu wa nyumba amesimama kando. Makaburi yaandikwe. Kisima kiandikwe. Choo kiandikwe. Kisha udai nakala yenye muhuri, na jina la afisa lisomeke. Usipokubaliana na hesabu, andika "sikubaliani" juu ya ile ile fomu kabla ya sahihi, na upeleke barua Tume ya Ardhi.

Na aliye na risiti yoyote ya zamani, ya miche, ya mauzo ya korosho, hata kadi ya kliniki ya mtoto yenye jina la kijiji, asiitupe.

Mgema Hasifiwi

Asante Wakili. Nampelekea mjomba hii leo leo. Ule wake usiozaa utazaa.

Kontena Arobaini

Na mimi naongeza, ingawa mmenichukia. Kwenye daftari hilo Mjukuu andika pia: nafasi za kazi ziandikwe kwa kata na kijiji, si kwa kaunti. Ukisema "Mombasa" atapewa mtu wa Bamburi na atakuwa na haki. Sema Mtongwe, sema Mbuta, sema Mwangala. Nimekaa ofisini, najua orodha zinavyotengenezwa.

Mwalimu wa Changamwe

Na kwa cheti, usisahau. Kata bila cheti watapata ya kufagia.

Kontena Arobaini

Kufagia nako ni kazi, Mwalimu.

Mwalimu wa Changamwe

Ni kazi. Nimeshangaa tu wewe karani waisifu.

Dalali Msema Kweli

Wapendwa, wanaotafuta pa kuhamia baada ya fidia: ploti zipo Kibundani na Ng'ombeni, 50 kwa 100, tambarare, boda ni dakika tano kutoka barabara kuu mpya. Bei itapanda viwanda vikifunguliwa. Wahi mapema. Inboksi iko wazi.

Mkwezi wa Ng'ombeni

Ng'ombeni wapi? Mimi niko Ng'ombeni. Ni shamba la nani hilo?

Dalali Msema Kweli

Hati ipo, mkuu. Njoo ofisini.

Mkwezi wa Ng'ombeni

Nimeuliza la nani. Sikuuliza hati.

Wakili wa Barazani

Na wanaomiliki miti iliyomo humo wamelipwa?

Dalali Msema Kweli

Miti tunang'oa kabla ya kukabidhi, mteja anapata uwanja safi.

Mkwezi wa Ng'ombeni

Mnang'oa ya nani?? Jibu hapa hapa, usinikaribishe inboksi!

Shangazi wa Mtongwe

Huyo mwondoeni. Watu hawajalipwa hata senti, yeye kashaanza kuwauzia pa kwenda.

Mvita Asili

Dalali, ile ya Kibundani inaanzia pesa ngapi? Nijibu inboksi.